Kabla ya ndoo ya rangi, angalia nusu mita ya chini

Novemba simu yangu haipumziki. Watu wa Dar, Dodoma na Mwanza wanajiandaa kupanda Moshi kwa Krismasi, na kila mmoja anataka nyumba ya wazazi ing'ae kabla hajafika. "Fundi, nakutumia hela ya ndoo nne, mwezi wa kumi na mbili tarehe 20 tuko hapo." Nawapenda wateja hawa, maana anayemkumbuka mama yake hadi kwenye ukuta wa nyumba ana moyo mzuri. Ila kabla hela haijatumwa huwa namuuliza: ukuta wa chini ukoje?

Nyumba nyingi za Majengo, Pasua hadi Rau huchakaa kwa mtindo mmoja. Juu rangi bado ipo. Chini, kuanzia usawa wa udongo hadi kama nusu mita, imebabuka, kuna ungaunga mweupe wa chumvi, na ukigonga lipu kwa kidole inadondoka kama mchanga. Ukipiga rangi mpya hapo, hata iwe ya bei gani, masika moja inatosha kuibandua, kwa sababu anayeisukuma ni maji yaliyo ndani ya ukuta.

Maji hayo yana njia mbili. Ya kwanza ni paa: bati lisilo na gata linamwaga mvua chini, matone yanaruka na udongo wetu mwekundu na kuupaka ukuta. Ya pili ni udongo wenyewe. Tofali hunyonya unyevu kutoka ardhini, unapanda polepole ukibeba chumvi, na maji yakikauka kwenye uso wa ukuta chumvi inabaki pale ikivimbisha rangi. Hali huwa mbaya zaidi pale watu walipokuwa wakifagia uwanja mwaka hadi mwaka na kusukumia udongo ukutani, mpaka ukafunika msingi na kugusa lipu.

Kwa hiyo hela ya kwanza siipeleki dukani kwa rangi. Mpe kijana jembe na koleo aondoe udongo kuzunguka nyumba mpaka msingi uonekane, kisha mwaga kokoto kwenye ukanda wenye upana wa kama nusu mita. Matone yakianguka kwenye kokoto hayarushi tope. Gata ikiwezekana weka, hata kama ni upande wa mbele na ule unaopigwa sana na mvua, na maji uyapeleke kwenye pipa au tangi. Baada ya hapo kwangua lipu iliyooza, acha ukuta upumue ukauke, ndipo fundi mwashi arudishe lipu mpya. Lipu ya saruji huipa kama wiki nne kabla ya kuipaka rangi. Ikiwa mbichi bado ina ukali wa saruji unaoivua rangi na kuifanya mabaka.

Huna uhakika kama ukuta umekauka? Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Ukikuta majimaji upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta na rangi isubiri. Majimaji yakiwa upande wa nje wa nailoni, shida ni hewa ya chumba: fungua madirisha, punguza kuanika nguo ndani. Jaribio hili gharama yake ni nailoni ya mkate, nami nalifanya hata kwa mteja mwenye haraka.

Huko juu, Kibosho, Uru na Old Moshi, kuna adui mwingine: ukungu. Vidoa vyeusi vya kwenye kona na nyuma ya kabati havifichwi na rangi, vinatokeza tena. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, subiri robo saa, sugua, suuza, acha pakauke. Vaa glovu, fungua dirisha, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi, maana hewa inayotoka inaweza kukudhuru mapafu.

Jambo jingine linaloniuma ni unga wa jipsamu kupakwa nje. Ndani ni mzuri sana, unanyoosha ukuta ukawa laini kama karatasi. Nje unalainika na maji. Ukuta wa nje unyooshe kwa puti ya saruji nyeupe. Na kama una rangi ya mafuta ya zamani kwenye milango na grili, usiipige msasa mkavu watoto wakiwa karibu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Lowanisha kwanza, futa kwa kitambaa chenye maji, tupa kitambaa.

Sasa hesabu. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mikono miwili ni 64, yaani lita 6 na nusu. Ndoo moja ya lita 20 inamaliza vyumba vitatu vya namna hiyo. Fundi akikuambia chumba kimoja kimekula ndoo nzima, muulize vizuri. Kwa nje, ile nusu mita ya chini ipake rangi nzito, kahawia au kijivu iliyokolea, na juu rangi nyepesi. Vumbi la Januari halitaonekana haraka, na nyumba itaonekana imesimama.

Nyumba mpya za kuficha bati zinapendeza kwenye picha, lakini kwa mvua zetu mimi bado namtetea mzee aliyetoa paa lake nje ya ukuta kwa sentimita 60. Kuta zake zinaishi kikavu.

Ndani, baada ya ukuta, dari nyeupe na balbu zenye mwanga wa njano sebuleni ndizo zinazobadilisha chumba kwa hela ndogo. Kisha mapazia. Soko la Memorial lina mapazia ya mtumba yenye kitambaa kizito kuliko mengi ya dukani. Chagua marefu, fimbo uifunge karibu na dari na uizidishe kila upande wa dirisha, chumba kitaonekana kirefu. Badilisha swichi zilizovunjika na vitasa vilivyolegea. Mgeni huvishika kabla hajatazama kitu kingine.

Uwanjani sihimizi pevingi kwa mwenye bajeti ndogo. Panda masale, ule mmea wa majani marefu. Wachagga tumeyatumia kwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwa kuombana msamaha tangu enzi za mababu, na jirani hatakunyima vipande. Kata shina lenye urefu wa mkono, lichomeke mwanzoni mwa masika likiwa na nafasi ya hatua moja kutoka kwa jingine, nalo litaota bila mbolea. Rangi ya nje yenyewe ipige Agosti au Septemba, kabla ya vuli, ili wa Desemba wakifika ukuta uwe umeshakauka vizuri.