Moto wa 1936 haukuifunga stesheni ya Crystal Palace High Level

Wengi huamini kwamba stesheni hii ya kusini mwa London ilifungwa baada ya jumba la maonyesho la Crystal Palace kuteketea usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Dhana hiyo ina msingi: stesheni ilifunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya wageni wa jumba hilo, na abiria walipungua baada ya moto.

Lakini treni ziliendelea. Huduma ilisitishwa wakati wa vita mwaka 1944, ikarejea 1946, na stesheni ikafungwa tarehe 20 Septemba 1954. Jengo lilibomolewa 1961. Stesheni jirani, iliyoitwa Low Level, inafanya kazi hadi leo.

Ukitaka kuhakiki, tafuta ratiba za treni za baada ya 1936 zinazotaja High Level waziwazi. Ratiba ni ushahidi mzito kuliko ramani, kwani ramani huweza kuchapishwa miaka kadhaa baada ya upimaji, na reli hubaki ardhini hata safari zikikoma. Zingatia pia kwamba Uingereza, tarehe ya kufungwa kwa kawaida ni siku ya kwanza isiyo na treni. 20 Septemba 1954 ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo treni za mwisho zilipita kabla ya siku hiyo.