Elimu kwa umma: Nyumba kubwa na ya uani, ripoti ya ukaguzi ipangwe vipi?

Malalamiko yanayotufikia kuhusu ripoti za ukaguzi wa nyumba zenye vyumba vya uani yanafanana. Ripoti ina kurasa nyingi na picha tele, kisha inasema: "Chumba cha pili, ukuta wa nyuma, unyevu." Kiwanja kina vyumba vya pili viwili, kimoja nyumba kubwa na kingine uani. Mnunuzi hajui adai nini, fundi anataja bei ya kubahatisha, muuzaji anakana, na benki inairudisha ripoti. Ukaguzi wenyewe ulifanyika. Kilichokosekana ni mpangilio.

Tunashauri ripoti moja yenye sehemu tatu. Nyumba kubwa iwe A, nyumba ya uani iwe B, na vyote vinavyotumiwa na pande zote mbili viwe P. Uani kukiwa na milango mitatu ya wapangaji tofauti, andika B1, B2 na B3, ukihesabu kuanzia mlango ulio karibu na lango la kiwanja. Kila kasoro ipewe namba yake, mfano B2-05, na picha zake zibebe namba hiyo hiyo: B2-05a ya mbali inayoonyesha ukuta mzima, B2-05b ya karibu ikiwa na futi kamba. Picha ya karibu peke yake haimsaidii mtu, maana ufa hufanana na ufa mwingine. Kasoro ikirekebishwa, namba yake isipewe kasoro nyingine. Andika "imerekebishwa" na tarehe, iishie hapo.

Ukurasa wa kwanza uwe ramani ya kiwanja. Mchoro wa mkono unatosha mradi vipimo vimechukuliwa kwa futi kamba. Weka kaskazini, lango, mipaka, umbali kati ya majengo mawili, umbali wa kila jengo hadi mpakani, mita za umeme na maji, tanki, kisima kama kipo, chemba zote na shimo la maji taka. Kisima kikiwa karibu na shimo kuliko mita 30, hilo liandikwe kwa namba yake sehemu ya P, hata kama maji yanaonekana masafi.

Sehemu ya P ndiyo inayorukwa, na ndiko matatizo makubwa yaliko.

Umeme kwanza. Zima swichi kuu ya nyumba kubwa, kisha nenda uani ukaone nini kimezimika. Kama vyumba vyote vimezimika, uani unalishwa kutoka nyumba kubwa. Fuata waya ujue umetoka wapi. Mara nyingi utakuta umeungwa kwenye soketi za jikoni kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Mpangaji akiwasha birika la wati 2,000, jiko la sahani mbili la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000, kwa volti 230 ni karibu ampea 22. Waya huo umefika kikomo chake au umekipita, kutegemea ulivyopitishwa, na kwa urefu wa mita 25 karibu volti 10 hupotea njiani. Sakiti breka inayoulinda ikiwa ya ampea 32 haitakata. Waya utachemka kwanza. Kwa hiyo ripoti itaje mambo manne: unene wa waya, urefu wake, ampea za breka, na kama uani una ethi yake (waya wa kupeleka umeme ardhini) na kinga ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme unapovuja. Kuandika "umeme upo na unafanya kazi" si ukaguzi. Marekebisho yafanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, na namba ya leseni iingie kwenye kumbukumbu.

Andika pia namba ya kila mita ya luku (umeme wa kulipia kabla) na jengo inalolihudumia. Kodi ya majengo inakatwa kupitia luku tangu Agosti 2021, na kiwanja chenye mita mbili kinaweza kukatwa kwenye zote mbili. Suala hilo linamalizwa na mamlaka inayosimamia kodi hiyo, wala mkaguzi hana mamlaka nalo, lakini mwenye nyumba akienda na ukurasa unaoonyesha mita na majengo yake hatahangaika kujieleza.

Maji safi hayana mengi: funga mabomba yote ya pande zote mbili, soma mita, subiri dakika 30, soma tena. Namba ikisogea, funga koki ya kwenda uani na urudie. Kama hakuna koki ya kutenga uani, hiyo tayari ni kasoro.

Maji taka yanahitaji subira zaidi. Fungua chemba zote, mwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye choo cha uani, na uangalie yanapotokea. Shimo lililochimbwa kwa familia ya watu sita sasa linapokea wapangaji sita zaidi, na hujaa mapema kuliko mwenye nyumba anavyotarajia. Uliza limenyonywa lini mara ya mwisho na uandike jibu kama maelezo ya mwenye nyumba, si kama ulichokiona wewe. Tofauti hiyo inakulinda mkigombana baadaye.

Kisha fensi. Vyumba vingi vya uani vimeegemezwa kwenye ukuta wa uzio ili kuokoa tofali. Msingi wa uzio kwa kawaida ni mfupi, haukuchimbwa kubeba kenchi (mbao za paa) na bati. Dalili ni ufa wima pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Pima upana wake kwa milimita, weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili, na upange kurudi baada ya masika. Angalia pia bati linamwaga wapi: likimwaga kwa jirani ni mgogoro, likimwaga kwenye msingi wa nyumba kubwa ni unyevu wa A ambao chanzo chake ni B. Kasoro ya namna hii iandikwe P, na itaje namba za pande zote mbili.

Ndani ya B, usiache kutaja njia ya kutokea. Chumba chenye mlango mmoja na dirisha lenye nondo zisizofunguka hakina pa kukimbilia moto ukianzia mlangoni. Hilo liwekwe daraja la hatari ya sasa, pamoja na waya ulio wazi, na liandikwe juu kabisa ya orodha. Madaraja mengine mawili yanatosha: kurekebisha, na kufuatilia.

Sasa vibali. Tunaambiwa kila mara kwamba "hilo ni banda tu" au kwamba kibali cha nyumba kubwa kinafunika kiwanja chote. Si kweli, na tumeshalieleza hili mara nyingi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya mwaka 2007, uendelezaji katika eneo la mipango unahitaji idhini ya mamlaka, na kibali kinahusu majengo yaliyo kwenye michoro iliyogongwa muhuri. Jengo lisilo kwenye mchoro halina kibali. Mamlaka inaweza kutoa notisi ya kusimamisha, kuweka alama ya X ya kubomolewa, kutoza faini, na hatimaye kuamuru libomolewe kwa gharama ya mwenyewe. Anayenunua hurithi hali hiyo pamoja na kiwanja.

Mkaguzi alinganishe mchoro na kilichopo, kisha aandike moja kati ya kauli tatu: B ipo kwenye mchoro, haipo, au mchoro haukupatikana. Asiandike "ni halali" wala "si halali". Uamuzi huo ni wa halmashauri. Nakala ya kibali, michoro, uthibitisho wa umiliki na stakabadhi viambatishwe nyuma ya ripoti kwa mpangilio ule ule, A, B, P, na kila ukurasa uwe na saini ya mkaguzi na tarehe ya ukaguzi, siyo tarehe ya kuchapa.