Sarafu za wakati wa Wabelgiji: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

"Isugue kwanza, itapata bei."

Katika dhana zote nilizosikia kuhusu kukusanya sarafu hizi, hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana uharibifu wake hautengenezeki. Mji wetu umekaa juu ya shaba, na hakuna nyumba isiyojua limao na majivu yanavyoing'arisha. Lakini sarafu si sufuria. Chukua santimu 10 ya mwaka 1888, ile ya shaba yenye tundu katikati, ya État Indépendant du Congo, dola ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kabla haijawa koloni. Ikikaa bila kuguswa hujivika rangi ya kahawia, na rangi hiyo ndiyo inayoilinda. Ukiisugua unakwangua ngozi yake ya juu, pamoja na mng'ao wa asili iliotoka nao kiwandani. Kinachobaki ni wekundu wa bandia na michirizi midogo sana, ambayo mjuzi huiona mara tu anapoigeuza chini ya taa.

Kampuni mbili zinazoaminiwa zaidi katika kupima sarafu ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, ya mwaka 1987, zote za Marekani. Sarafu iliyosuguliwa wanairudisha na maneno tu: ni halali, lakini imesafishwa. Namba ya daraja hainayo, na mnunuzi akisoma hivyo bei inaanguka papo hapo. Weusi unaoota juu ya faranga za fedha zenye sura ya Leopold II nao uacheni, jamani. Shika sarafu ukingoni, wala usiiweke katika vifuko vya plastiki laini ya PVC, kwani huitia utando wa kijani unaokula chuma.

"Imepata 62 tu, basi ni mbovu."

Namba hiyo ya daraja, inayotolewa na kampuni hizo, si alama ya mtihani wa shule. Kipimo kinaanzia 1 na kuishia 70, na kilitolewa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon kwa ajili ya senti za kale za shaba za nchi yake. Kuanzia 60 kwenda juu, sarafu haijatumika sokoni hata kidogo. Tofauti ya 62 na 65 ni mikwaruzo ya ndani ya mfuko na nguvu ya mng'ao. Kati ya 50 na 58 ni ile iliyopita mikononi kidogo. Kwa shaba huongezwa herufi za rangi: RD kwa iliyobaki nyekundu, BN kwa iliyogeuka kahawia, RB kwa iliyo katikati. Namba haipangi bei, inaeleza hali. Tena kwa sarafu za kawaida, gharama ya kuzituma na kuzipimisha huzidi thamani yake. Pimisha zile chache zinazostahili.

"Mkusanyo bila kila mwaka haujakamilika."

Mkusanyo wa aina hauendi hivyo. Unatafuta sarafu moja ya kila mchoro, basi. Ukiwa na faranga 1 ya Albert I, mfalme aliyemfuata Leopold, yenye mchikichi, huna sababu ya kufukuzia miaka yake yote. Hata hivyo, kumbuka kwamba miaka ya 1920 faranga hiyo iligongwa kwa namna mbili, moja yenye maandishi ya Kifaransa na nyingine ya Kiholanzi. Wengi huweka zote mbili, nami naona wana haki.

Utamu wa kazi hii uko pale ambapo aina nzima imebebwa na mwaka mmoja. Congo ilitoka mikononi mwa Leopold II na kuwa koloni la Ubelgiji Novemba 1908. Mfalme mwenyewe akafa Desemba 1909. Kwa hiyo santimu 5, 10 na 20 za mwaka 1909 zina jina la Congo Belge na bado zina herufi ya Leopold. Mwaka uliofuata zikaja za Albert. Mwenye mkusanyo wa aina hawezi kuzikwepa hizo za 1909, na si umri unaozipa umuhimu huo: santimu 1 ya 1888 ina miaka 21 zaidi, na bado hupatikana kwa urahisi.

"Papa, hii ni dhahabu, angalia rangi."

Maneno ya sokoni. Faranga 2 ya mwaka 1943, yenye umbo la pembe sita na picha ya tembo, ni shaba ya manjano. Iligongwa Philadelphia kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani. Tembo wa faranga 50 ya mwaka 1944, iliyogongwa Pretoria, ni fedha, lakini nusu tu.

Linaloleta ugomvi hapa kwetu ni faranga 5 ya Katanga ya 1961, yenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Ya dhahabu ipo kweli, ina gramu 13.33. Zinazozunguka mitaani ni za shaba, na uzito wake ni kama nusu ya hapo. Mizani ndogo ya sonara inamaliza mabishano. Tena sarafu hizo si za ukoloni: ni za Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitenga na Congo Julai 1960. Wala msalaba wenyewe si sarafu ya Wabelgiji. Wahenga wetu waliuunda kwa shaba iliyoyeyushwa na kuutumia katika biashara kabla Wabelgiji hawajafika. Mimi sarafu hizo na msalaba naviweka pembeni, katika sanduku lao, kwa heshima yao.

"Ikishakuwa ndani ya kasha, hakuna uongo."

Kasha ni kile kifuniko cha plastiki ngumu ambamo kampuni huifunga sarafu iliyopimwa. Makasha nayo hughushiwa, na lebo zake pia. Kila kasha la PCGS au NGC lina namba. Iandike katika tovuti ya kampuni yenyewe, si katika kiungo alichokutumia muuzaji, kisha linganisha jina, mwaka na daraja. Picha ikiwepo, tafuta doa au mkwaruzo mmoja uone kama uko mahali pale pale. Muuzaji akikuharakisha kabla hujamaliza, mrudishie sarafu yake.