Mangapwani: Pango la Maji si Chumba cha Watumwa

Wageni wengi wanaofika Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja, huondoka wakiamini kwamba pango la maji waliloshuka lilichimbwa ili kufungia watumwa. Jambo hili lafaa kuwekwa sawa, kwani huko kuna mahala pawili tofauti, na kupachanganya ni kuwakosea wale walioteseka.

Pango halikuchimbwa na mtu. Mwamba wa pale ni wa matumbawe ya kale, na maji ya mvua yanapoupenya huuyeyusha kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika, mpaka tumbo la jiwe likabaki wazi. Maji hayo, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Ndiyo maana mtu akishuka ngazi na kuteka kwa kiganja, anakuta maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ingawa bahari i karibu. Wenyeji husimulia kwamba pango liligunduliwa na mtoto mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake.

Chumba cha watumwa kiko kwengine, jirani na ufukwe. Hicho ndicho kilichochongwa kwa mikono ndani ya jiwe na kufunikwa paa. Kilitumika baada ya mkataba wa Juni 1873, ambapo Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikubali kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, lakini baadhi ya wafanyabiashara wakaendelea kwa siri. Paa lile limelala karibu sawa na ardhi, na aliye mbali halioni.