Rangi ya ganda la yai: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

Sokoni Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, yai la kahawia huuzwa kwa sifa: eti ni la kienyeji, lina nguvu kuliko jeupe. Si kweli. Kuku wa kizungu wa kutaga, kama ISA Brown na Lohmann Brown, hutaga mayai ya kahawia yaliyokolea, na kuku wetu wa kijiji mara nyingi hutaga ya krimu, pengine karibu meupe. Ganda halisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Nguvu ya yai inategemea kuku alikula nini, na hilo utaliona zaidi kwenye kiini kuliko kwenye ganda.

“Mpe majani na mahindi ya njano, ganda litakolea.” Kitakachokolea ni kiini. Mahindi meupe tunayosaga kwa bukari (ugali) huacha kiini kimepauka. Lengalenga (mchicha) na mahindi ya njano hukirudishia rangi. Rangi ya ganda kuku huitengeneza mwenyewe mwilini. Ganda huchukua kama saa 20 kujengwa, na rangi ya kahawia hupakwa juu juu katika saa za mwisho kabla ya kutaga. Vunja yai la kahawia, toa utando: ndani ni jeupe. Wanaosema kuku wa Katanga hutaga mayai mekundu kwa sababu ya udongo wetu mwekundu, waulize kwa nini kuku wawili wa parsele (kiwanja) moja, wanaochakura pamoja, hutaga rangi mbili tofauti.

“Angalia manyoya au ndewe utajua.” Kuna mahali hii inafanya kazi: Leghorn ana ndewe nyeupe na yai jeupe. Lakini Ameraucana ana ndewe nyekundu na yai la bluu, na Silkie ana ndewe za bluu na yai la krimu. Manyoya ndiyo yanadanganya zaidi. Plymouth Rock mweupe pepe hutaga kahawia.

“Jogoo hahusiki na rangi ya mayai.” Hapa wafugaji wengi wanapoteza miaka. Ni kweli kwamba jogoo ukimleta leo, mayai ya majike yako hayatabadilika kesho wala mwezi ujao. Ganda ni kazi ya kuku jike peke yake, apandwe asipandwe. Ila mabinti watakaoanguliwa wamerithi nusu kutoka kwake. Kwa hiyo jogoo huchaguliwa kwa yai alilotoka na kwa mayai ya dada zake. Urefu wa mkia na kelele za alfajiri hazikusaidii kitu. Ukitaka kahawia nzito kama ya Marans wa Ufaransa, jua kwamba rangi hiyo inaongozwa na jeni nyingi. Marans akichanganywa na kuku wa kijiji, mabinti hutaga rangi ya kati, na itakubidi uchague kizazi baada ya kizazi, ukiatamisha mayai yaliyokolea tu.

Bluu ni rahisi zaidi. Punnett, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha mwaka 1933 kwamba inatoka kwenye jeni moja inayotawala. Jogoo mwenye nakala mbili za jeni hiyo huwapa mabinti wote bluu. Mwenye nakala moja huwapa karibu nusu yao. Na bluu hupenya ganda lote mpaka ndani. Ikipakwa kahawia juu yake, unapata kijani: ndiyo siri yote ya mayai ya kijani.

“Yai la bluu lina ugonjwa.” Nadhani hofu hii imekuzwa na habari ya mwaka 2013, watafiti walipogundua kwamba bluu ya kuku ilitokana na kipande cha virusi vya kale kilichojipachika katika urithi wao. Kipande hicho ni sehemu ya kuku sasa, hakiambukizi mtu. Chile watu wanakula mayai haya tangu zamani.

“Ganda likipauka, mbegu imeharibika.” Huenda. Lakini kwanza kumbuka kwamba kuku akizeeka yai linakuwa kubwa, na rangi ileile inatandazwa mahali papana. Hofu pia hupausha: mbwa ameingia bandani, yai la kesho lina vumbi la chokaa. Kideri na mkamba wa kuku (bronkiti ya kuambukiza) huacha maganda yaliyopauka na yenye mikunjo. Dawa ya nikabazini, ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), hufuta kahawia kabisa.

Ganda jembamba ni jambo jingine. Yai moja linataka kama gramu 2 za kalisi (kalsiamu), na mahindi karibu hayana. Joto la Oktoba kabla ya mvua linaongeza shida, kwa sababu kuku anayehema sana hupoteza hewa ukaa anayoihitaji kujenga ganda. Mpe kivuli, maji baridi, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa. Chokaa ya kupaka ukuta usimpe, inaunguza. Chakula cha watagaji chenye kalisi nyingi pia kisiwafikie vifaranga, kinaharibu figo.

“Osha yai ling'ae, litanunuliwa.” Kuku humaliza kazi kwa kulipaka yai utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Ukisugua kwa maji unauondoa, vijidudu vinaingia, na kwa Marans unaondoa hata rangi yenyewe. Yai la kuatamisha lifutwe kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana lipelekwe jikoni siku hiyohiyo.