Mrejesho wa papo kwa papo kwenye somo la michezo

Siku hizi mwalimu wa michezo akirekodi kipindi kwa simu, tunaambiwa anafundisha kwa mrejesho wa papo kwa papo. Jioni video inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, wazazi wanaweka dole gumba, basi. Hiyo ni kumbukumbu ya kipindi, na si mbaya, ila jina lake si hilo.

Mrejesho wa papo kwa papo ni taarifa anayoipata mwanafunzi kuhusu jaribio lake muda mfupi baada ya kulifanya, kabla hajajaribu tena. Teknolojia ni njia tu ya kuifikisha.

Kinachovurugwa zaidi ni taarifa yenyewe. Wataalamu wa ujifunzaji wa mwendo hutenganisha taarifa ya matokeo, yaani tendo limeishia wapi, na taarifa ya utendaji, yaani mwili ulivyolifanya, na wengi wetu tunazikoroga. Mwanafunzi anayerusha tufe hahitaji kifaa kumwambia kwamba limeanguka karibu, ameliona. Asichokiona ni kiwiko chake kilivyoporomoka, akalitupa kama jiwe la kuangulia maembe badala ya kulisukuma. Hapo ndipo kishikwambi kinapofaa, hata kile kilichofanya kazi ya sensa ya Tanzania ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Programu ya kuchelewesha picha, inayoonyesha kwenye kioo kile kamera ilichokiona muda mfupi uliopita, ikipangwa sekunde 10, anarusha, anatoka kwenye duara kwa nyuma, anafika kwenye kioo na kujikuta ndio kwanza anachuchumaa. Mwalimu anasema, "Angalia kiwiko tu." Akimtajia mguu, nyonga na kidevu kwa mpigo, hakuna atakachoshika.

Na hiyo "papo" isichukuliwe kwa pupa. Mwaka 1990 mtafiti Stephan Swinnen na wenzake walionyesha kuwa waliopewa matokeo palepale walipomaliza tendo walijifunza vibaya kuliko waliosubirishwa sekunde chache. Ukingoja, unajikagua kwanza. Mwaka huohuo Carolee Winstein na Richard Schmidt waligundua kuwa waliopewa mrejesho kwenye nusu tu ya majaribio yao walikumbuka vizuri zaidi siku iliyofuata kuliko waliopewa kila mara. Anayeambiwa kila kitu huanza kukitegemea kifaa, na siku ya mashindano hakipo.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayelalamika kuwa kishikwambi ni kimoja na darasa limejaa, huna sababu ya kumwonyesha kila mwanafunzi kila mrusho. Arushe mara moja bila kuangalia, akueleze kiwiko kilikuwa wapi, ndipo umpe zamu ya kioo kwenye mrusho wa pili.