Je, wajua? Kuvunja bondi ya kikemia hakutoi nishati

Mafuta yakiwaka, molekuli zake huvunjika, na nishati iliyofungiwa ndani ya bondi huchomoka kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na maelezo hayo bado yanarudiwa, hasa kwenye biolojia inapotajwa ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na “bondi yake yenye nishati nyingi”. Ni kosa. Bondi yoyote inayoshikanisha atomi hudai nishati ili ivunjike. Nishati hutoka pale bondi mpya inapofungika.

Chukua sumaku mbili zilizonatana. Kuzitenganisha kunataka uvute mpaka vidole vikaze, na kazi hiyo umeifanya wewe. Sasa zishike zikiwa zimeachana kidogo, ncha zinazovutana zikitazamana, kisha ziachie. Zinarukiana na kugongana: ta! Mlio ule, pamoja na kajoto kadogo usikokahisi pale zilipogongana, ni nishati iliyotoka wakati zinashikana. Sumaku zikiwa kali zaidi, mlio huwa mkubwa zaidi, na kuzibandua tena huwa kugumu zaidi. Basi bondi imara haina shehena ya nishati inayosubiri kufunguliwa. Nishati yake ilishatoka siku ilipofungika. Atomi si sumaku, kwani kinachozishikanisha ni mvutano wa umeme kati ya viini na elektroni, lakini hesabu huenda vivyo hivyo.

Tuifanye hesabu yenyewe kwa haidrojeni inayoungua kuwa maji. Kuvunja bondi za moli 2 za haidrojeni (moli ni kipimo cha idadi maalumu ya molekuli, na kilojuli ni kipimo cha nishati), kilojuli 436 kila moja, ni 872. Moli 1 ya oksijeni inadai 498. Jumla ya gharama ni 1,370. Kisha zinafungika moli 4 za bondi kati ya oksijeni na haidrojeni, kila moja ikitoa takriban 463, jumla 1,852. Salio ni kilojuli 482, na hilo ndilo joto la mwali. Hiyo 463 ni wastani tu, maana bondi ya kwanza ya maji ni ngumu kuvunja kuliko ya pili. Hata hivyo vipimo halisi vinatoa karibu 484 maji yakiwa mvuke.

Gharama hiyo ya mwanzo ndiyo inayofanya haidrojeni na oksijeni zikae pamoja kwa utulivu mpaka ije cheche. Cheche haivunji zote. Inavunja molekuli chache, na nishati ya bondi mpya inalipia zinazofuata.

ATP nayo iko hivyo. Kukata fosfati yake, yaani kipande chake chenye fosforasi na oksijeni, kunagharimu, ila maji yanaingia, bondi nyingine zinafungika, na faida ni takriban kilojuli 30 kwa moli katika hali sanifu. Ndani ya seli hai kiasi hicho kwa kawaida huwa kikubwa zaidi, kikitegemea wingi wa kemikali zilizopo.

Kinachonivutia kuliko vyote ni naitrojeni. Atomi zake mbili hushikana kwa bondi tatu, kilojuli 945 kwa moli, mojawapo ya bondi imara kuliko zote. Baruti nyingi zina naitrojeni iliyofungwa kwa bondi dhaifu, na zikilipuka atomi hizo hupata nafasi ya kushikana zenyewe kwa zenyewe. Sehemu kubwa ya kishindo hutoka hapo, katika kuzaliwa kwa gesi ile ile tulivu iliyo takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta.